Siku Bi Mboni Alipovua Ndonya

Maftaha alikuwa na sauti mbaya. Tuliseme hilo mapema, lisije likatusumbua mbele ya safari. Hata muadhini wa mtaani kwao, mtu mpole asiyemkaripia paka, aliwahi kumwomba mama yake, kwa heshima zote, kwamba kwenye maulidi binti akae safu za nyuma na aitikie kwa moyo tu. Lakini Mungu hakumwacha mikono mitupu: alimnyima sauti ya kuimba, akampa ya kuamuru.

Kwa sauti hiyo ya pili, mwaka ule nchi ilipokuwa ikijiandaa kusherehekea miaka kumi ya Uhuru, Maftaha alikuwa msimamizi wa banda la kubangulia korosho pale Lindi, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na zaidi ya hayo mwenyekiti wa wanawake wa kiwandani. Alipoingia alikuta wanawake wa mjini wamekaa upande wa madirisha, upepo wa bahari unawapepea kama maharusi. Wanawake wa bara, Wamwera na Wamakonde, walikuwa wamebanwa karibu na pipa la kukaangia, na moshi wote ulikuwa wao. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa imekaa tu, kama kutu.

Maftaha akaivunja. Wiki hii hawa dirishani, wiki ijayo wale.

"Binti wa watu wa Kivinje, kwao wanajulikana," wakanung'unika wa mjini, "leo anatuchanganya na watu wa porini!"

"Basi kaa kwenye moshi wiki moja, shoga," akawajibu, "tuone utatoka muungwana au utatoka nyama choma."

Wakahama. Kwa kununa, lakini wakahama.

Huko karibu na pipa ndiko alikomkuta Bi Mboni, mama wa makamo kutoka Milola, Mmwera halisi, mwenye chale usoni na ndonya kwenye mdomo wa juu: kipande cha mpingo cha duara, kimeng'aa kwa miaka mingi ya kukaa mahali pamoja. Alikuwa fundi wa kubangua, na fundi zaidi wa kutania watu. Hakuna aliyepita mbele yake akasalimika. Siku ya kwanza Maftaha alipojaribu kuitikia wimbo wa kazi, Bi Mboni aliweka chini kigongo chake, akageuka huku na huku kama anayetafuta kitu.

"Jamani, nani kaingiza mbuzi bandani? Mfungulieni, ana kiu."

Banda zima likaangua kicheko, na Maftaha mwenyewe akacheka mpaka machozi. Tangu siku ile jina lake likawa Kibuzi, ingawa mwenye ruhusa ya kulitumia alikuwa mmoja tu.

"Shikamoo, Bi Mboni," angesema asubuhi.

"Marahaba, Kibuzi. Umekunywa maji?"

Maftaha hakuwa na mama tena. Hakumwambia mtu, lakini asubuhi ambayo Bi Mboni alichelewa na hakuna aliyemwita Kibuzi, kazi haikumwendea vizuri.

Na Bi Mboni akiimba! Sauti ilianzia chini, nzito, ikipita nyuma ya ile ndonya kama upepo unaopita kwenye mtungi, kisha ikapanda hadi wabanguaji wakasahau kuwa mafuta ya maganda yanawaunguza vidole. Ndipo Maftaha akapata wazo la kikundi. Kikundi cha ngoma cha wanawake wa korosho, wa mjini na wa bara mstari mmoja, Veronika Mmakonde kwenye ngoma, kazi ambayo mpaka hapo ilikuwa ya wanaume, na Bi Mboni mwimbishaji. Wimbo waliutunga wenyewe:

*Mikono imepauka, mama,*
*mikono imepauka kwa mafuta ya korosho.*
*Nani atanipaka mafuta ya nyonyo, mama,*
*nipate kubeba mwanangu?*

Kiwanda kikawapa kanga za sare. Mume wa Veronika akaja kulalamika kwamba mkewe anapiga ngoma kama dume, Maftaha akamkalisha, akampa chai, akamwuliza kama mshahara wa Veronika nao ni wa kiume, maana mbona anaula. Mume akamaliza chai akaenda zake. Mambo yakawa yanakwenda.

Ikabaki wiki moja kabla ya sherehe za mkoa, ambako kikundi bora kingechaguliwa kwenda Dar es Salaam. Akaja Bwana Abdurahmani, ofisa wa utamaduni, kuangalia mazoezi. Alivaa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka ikawa na kona. Aliangalia, akapiga makofi, akamvuta Maftaha pembeni.

"Kikundi kizuri, dada. Ila yule bibi."

"Yule bibi ndiye kikundi."

"Kutakuwa na wageni. Wapiga picha. Miaka kumi ya Uhuru, halafu tuwaoneshe mdomo wa namna ile? Watasema bado tuko gizani. Akae nyuma, aitikie."

"Asipoimbisha yeye, hatuimbi. Utatafuta wengine."

Abdurahmani akapangusa jasho. Alikuwa ameshaandika jina la kikundi kwenye ratiba. "Mbona unakuwa mkali? Sijasema asiimbe. Avue tu kile kidude. Akivua, nitamweka mbele kabisa, mbele ya jukwaa la wakubwa."

Maftaha alitoka pale akitembea kama aliyeshinda kesi. Alikuwa ameogopa Bi Mboni atatolewa, na sasa anarudi na Bi Mboni wa mbele kabisa. Hakuna mwanamke wa bara aliyewahi kusimama hapo. Alikwenda moja kwa moja Mtanda, alikokuwa akiishi Bi Mboni kwa binti yake, akamkuta barazani anachambua mchele.

Akamweleza. Bi Mboni alisikiliza, mkono ukiendelea kutupa mawe.

"Kwa hiyo mimi nikae mbele," akasema mwishoni, "halafu mdomo wangu ubaki nyumbani ulinde nyumba?"

Maftaha akacheka. Kicheko hicho ndicho alichokuja kukijutia kuliko maneno yote aliyoyasema siku ile. Bi Mboni alikuwa ametania kila siku, na siku aliyosema kweli aliisema kwa sauti ileile, na Maftaha akaipokea kama nyingine zote.

"Siku moja tu, Bi Mboni. Ukimaliza unairudisha."

"Sijawahi kuimba bila hii, Kibuzi. Niliwekwa ningali mwali. Pumzi imezoea kupita hapa."

"Basi tufanye mazoezi kesho bila yake, uzoee."

"Mbele ya watoto wale wa kikundini? Niivue mbele za watu, kama mtu anayevua nguo?" Akatikisa kichwa. "Kama ni kuivua, nitaivua siku hiyohiyo, na wewe peke yako ndiye utakayenishikia."

Akauinamia tena mchele, akatupa jiwe, na jingine. Mwanamke mwingine angelisikia kwenye mawe yale neno hapana, limesimama kabisa. Maftaha alisikia ndiyo yenye aibu kidogo.

"Haya," Bi Mboni akasema. "Umenipigania. Nisije nikakuaibisha."

Siku ya sherehe uwanja ulifurika. Nyuma ya jukwaa, kwenye kibanda cha makuti, Bi Mboni aligeukia ukutani, na alipogeuka tena alikuwa ameishika kanga mdomoni. Akaiweka ndonya kiganjani mwa Maftaha. Ilikuwa na joto bado, tena nyepesi kuliko alivyodhani.

"Nishikie vizuri," akasema, na maneno yakatoka yamelegea, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Maftaha aliyasikia. Aliyasikia kabisa. Akajiambia ni haraka.

Veronika akaanza ngoma. Bi Mboni akasogea mbele, akateremsha kanga, akafungua kinywa. Mdomo wa juu, usio na kitu cha kuushika, ukaanguka juu ya meno. *Mikono* ikatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Neno likateleza, na mate yakafuata, yakang'aa juani mbele ya jukwaa la wakubwa.

Walianza watoto wa shule. Kisha kicheko kikahamia kwa watu wazima, kile cha kujizuia, ambacho ndicho kibaya zaidi. Veronika akaipiga ngoma kwa nguvu zote, kana kwamba anaweza kuufunika uwanja mzima.

Maftaha alikuwa pembeni, ndonya mkononi. Kutoka alipokuwa mpaka kwa Bi Mboni palikuwa karibu mno, mtu angeweza kumpa kitu bila kunyoosha mkono sana. Angeingia, angemkinga kwa kanga yake, angemrudishia, na wakubwa wangesubiri. Waliwahi kusubiri mambo ya kipuuzi zaidi. Hakwenda. Aliangalia jukwaa, akamwangalia Bwana Abdurahmani na ratiba yake, akabaki palepale. Bi Mboni aligeuza macho mara moja tu, akamwona amesimama. Kisha akaipandisha kanga mdomoni, akarudi mstari wa nyuma, na Samia, msichana wa mjini mwenye sauti tamu na meno mazuri, akaudaka wimbo.

Wakashangiliwa. Wakachaguliwa. Abdurahmani alikuja kumpa mkono, na Maftaha akalazimika kuhamisha ndonya kwenda mkono wa kushoto ili apokee. Aliporudi kwenye kibanda cha makuti, Bi Mboni hakuwepo. Hakuwepo Mtanda pia. Binti yake alisema kwa upole kwamba mama amepanda gari la Milola, kwa kaka yake.

Maftaha alikwenda Dar es Salaam na kikundi. Picha zikapigwa. Aliporudi alijiambia atakwenda Milola wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine, kisha masika ikafunga barabara, na tusifichane, aliifurahia ile mvua.

Barabara ilipokauka hakuwa na kisingizio. Akapanda lori, ndonya imefungwa kwenye pindo la kanga. Alipokaribia nyumba aliyoelekezwa, alisikia sauti uani kabla ya kuona mtu.

"Wewe Cecilia, huko ni kupepeta au unafukuza nzi? Mchele wote umewapa kuku, mumeo atataga!"

Kicheko kikafuata, na moyo wa Maftaha ukaruka kama wa mtoto. Akazunguka ukuta.

Bi Mboni alikuwa amekaa na jirani yake, mbele yao ungo. Mdomoni alikuwa na ndonya mpya, nyeusi, haijaanza kung'aa. Kicheko kilikatika. Akasimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu. Cecilia, mletee Mwenyekiti kiti."

Maftaha akafungua pindo la kanga. Bi Mboni akaipokea ndonya ya zamani kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando ya ungo. "Kaka amenichongea nyingine. Lakini ahsante kwa kunitunzia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu siku ileile, Mwenyekiti. Hukuwa na nia mbaya."

"Nimekwishawaambia kiwandani. Hakuna atakayekugusa tena wala kukwambia uvue chochote. Nafasi yako ipo. Utarudi?"

"Mungu akipenda."

Alijibu vizuri, kila jibu safi, limekunjwa kama nguo ya mgeni. Akauliza habari za Veronika, za kazi, za Dar es Salaam. Hakuuliza kama Maftaha amekunywa maji.

Basi Maftaha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu kwa hiari yake. Akiwa ameketi pale kwenye kiti cha mgeni, alifungua kinywa akaimba. *Mikono imepauka, mama.* Aliimba kwa sauti yake yote, ileile, mbaya. Kuku walikimbia. Cecilia aliuma kanga mabega yakitetemeka, akamkodolea macho Bi Mboni, akingoja utani utoke ili naye apate kucheka.

Maftaha alifika mwisho wa ubeti. Akangoja.

Bi Mboni aliangalia chini kidogo, akaondoa punje ya mchele kwenye goti.

"Umeimba vizuri, Mwenyekiti," akasema, akainuka kwenda kumpikia mgeni.