Suruali ya Mwalimu Lutengano

Kwa miaka kumi na miwili Mwalimu Lutengano aliongoza bendi ya tarumbeta ya usharika wa Soweto, Mbeya, akiwa ndani ya suruali ya mtu mwingine. Mwenyewe hakuona aibu yoyote. Suruali ilikuwa ya mmisionari aliyemfundisha muziki, mtu mwenye kitambi kilichokuwa kikitangulia kuingia mlangoni, ambaye siku ya kurudi kwao alimwachia tarumbeta kumi na saba, kijiti cha kuongozea na suti nyeusi ya sufu. Tarumbeta zilibonyea, kijiti kilivunjika kikafungwa uzi, lakini suti haikuguswa. Evarista, mke wa Mwalimu, alimwomba mara nyingi aipunguze kiunoni, kazi ya nusu saa tu kwa cherehani. Mwalimu akamjibu kwamba nguo ile imesikia muziki mwingi kuliko ukoo mzima wa wakwe zake, na sindano haitaipita.

Mkanda nao aliukataa. Alidai kwamba mkanda unabana tumbo, na mwongozaji muziki hupumua kwa tumbo. Mfukoni, juu ya hayo, alibeba funguo za stoo ya bendi, za kabati la vitabu, za ofisi ya mchungaji na za nyumbani kwake, zote kwenye waya mmoja, na uzito wake uliisaidia sana suruali katika safari yake ya kwenda chini.

Sasa, mtu anayeongoza bendi mikono yake yote miwili iko hewani, na suruali haina wa kuitetea. Ubeti wa kwanza ilivumilia. Ubeti wa pili ilianza kuteremka. Mwisho wa ubeti wa tatu Mwalimu hakuwa na hiari: alishusha mikono, akaishika suruali kushoto na kulia, akaipandisha kwa mkupuo mmoja, akavuta pumzi, akainua kijiti kwa ubeti wa nne. Bendi ilimsubiri, kisha ikaendelea.

Waumini, waliokuwa wakimwona mgongo tu na koti refu lililofunika mambo yote, waligundua kwamba kila wimbo una kimya kabla ya ubeti wa mwisho. Wakaamua ni kimya cha ibada. Mchungaji akaanza kuinamisha kichwa, wazee wa kanisa wakafuata, na baada ya mwaka mmoja hata watoto wa Sunday school walijua kwamba pale mtu hufumba macho. Wageni kutoka sharika nyingine walikuja, wakaguswa, wakaenda kuiga kwao. Mwalimu aliwaacha. Aliamini kwamba ukweli wa jambo lile unajulikana na watu wawili tu, yeye na Mungu, na Mungu alikwisha kuzoea.

Mwaka 1974 ikaja habari kwamba gari la redio litafika Iringa kurekodi bendi na kwaya za nyanda za juu, katika ukumbi mmoja wa Mlandege. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Katika kikao hicho alisimama Filemoni, mpiga tarumbeta ya kwanza, kijana aliyetoka kwenye kozi ya muziki ya miezi sita na kurudi na saa ya mkononi na maneno mengi. Aliwaeleza wazee kwa adabu zote kwamba bendi inayojua nota zake haihitaji mtu wa kupunga mikono mbele yake, na kwamba Mwalimu amefanya kazi nzuri na sasa astareheshwe. Mzee Saulo, mwenyekiti, hakupenda ugomvi, hivyo akatoa hukumu ya kuwaridhisha wote na kumuumiza mmoja: bendi iende Iringa. Redio ikiikubali, kijiti kibaki kwa Mwalimu. Ikiikataa, kijiti ni cha Filemoni.

Mwalimu alikwenda nyumbani na kumsimulia mkewe kwa kiburi kwamba atasikika Tanzania nzima. Evarista alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, kisha akamuuliza bila ubaya wowote: tarumbeta zitasikika, ngoma itasikika, yeye atasikika wapi? Swali lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na hakulala vizuri hadi siku ya safari.

Walisafiri alfajiri kwa lori la Masunga, Msukuma ambaye baba yake alihamia Ubaruku, kule Usangu, na ng'ombe, yeye akaona kuendesha gari la mpunga kuna heshima kuliko kufuata mikia. Alikuwa ameshusha mchele Mbeya, akabakiwa na magunia ya pumba ya mfugaji kuku wa Iringa, na bendi nzima ikapanda juu ya pumba hizo. Mwalimu alikaa mbele na kijiti chake magotini. Karibu na Makambako gunia moja lilipasuka, lakini nyuma watu walikuwa wamejifunika maturubai kwa baridi, na hakuna aliyefikiria kuangalia pumba zimekwenda wapi.

Zilikuwa zimekwenda ndani ya tarumbeta kubwa la besi. Fundi wa redio, Bwana Kalinga, Mhehe nadhifu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, aliwapanga ukumbini, akasogeza maikrofoni, akawaomba noti moja ya kujaribu mitambo. Besi lilikohoa na kumfunika Bwana Kalinga kwa pumba za mchele wa Usangu kuanzia nywele hadi viatu. Alijikung'uta muda mrefu. Tangu hapo hakuna aliyetarajia mapenzi kutoka kwake.

Walipoanza wimbo wenyewe, hawakumaliza ubeti mmoja. Kalinga alivua vile vidude vyake vya masikioni na kuuliza ni nani anayekanyaga sakafu kama anatwanga, na ni nani anayeguna kama ng'ombe aliyeona majani. Wanabendi wakatazama pembeni. Wote wawili walikuwa Mwalimu. Alikanyaga kila alipohesabu, na aliguna kila alipopenda kitu, na alipenda karibu kila kitu. Kalinga akamwambia atoke nje.

Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba bila yeye hakuna bendi. Kalinga alimsikiliza, kwa sababu mtu mzima husikilizwa, kisha akamjibu.

"Redio haioni, Mwalimu. Inasikia tu. Na kazi yako wewe ni ya kuonekana."

Basi Mwalimu akatoka. Filemoni akabaki palepale mstarini, tarumbeta mdomoni, akiongoza kwa nyusi.

Nje, Mwalimu aliketi kwenye ngazi ya lori karibu na dirisha la ukumbi, Masunga akiwa anakula karanga kando yake. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilimkera kwa kuwa na pembe mbili. Bendi ikipiga vibaya, redio itakataa na kijiti kitakwenda. Ikipiga vizuri, Filemoni atarudi Soweto na ushahidi kwamba mtu wa kupunga mikono hana kazi, na kijiti kitakwenda tu. Hakujua aombe nini. Mwishowe aliomba wapige vizuri, na akajishangaa.

Wakapiga vizuri. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi, wa pili ukawa safi zaidi, na Mwalimu alisikia uchungu kila noti ilipokaa mahali pake. Ubeti wa tatu ukafika mwisho. Kukawa kimya. Mikono ya Mwalimu ikashuka yenyewe, ikaishika suruali, ikaipandisha. Akavuta pumzi. Akainua kijiti pale kwenye ngazi ya lori, mbele ya Masunga na karanga zake.

Hakikutokea kitu. Ndani kimya kiliendelea. Walikuwa wamefika mahali pao pa kusubiri na wanasubiri, macho yote kwenye sakafu tupu mbele yao, ambapo hapakuwa na mtu wala suruali. Bwana Kalinga akadhani wimbo umekwisha na kuzima mashine. Hapo ndipo Filemoni, peke yake, aliporuka ndani ya ubeti wa nne kama mtu aliyekosea nyumba.

Kalinga akawaambia kwamba tepu iliyobaki ni ya kurekodi mara mbili tu, na kuna kwaya nyingine inangoja uani. Filemoni, jasho likimtoka, akawaamuru wasinyamaze kabisa. Wapite moja kwa moja. Wakajaribu kutii, na Mungu ni shahidi kwamba walijaribu, lakini miaka kumi na miwili haivuliwi kama kofia. Mwisho wa ubeti wa tatu nusu walipita, nusu wakasimama, waliopita wakaona wenzao wamesimama nao wakasimama, waliosimama wakaona wenzao wamepita nao wakakimbilia. Kwaya iliyokuwa uani ilicheka kwa sauti.

Kalinga akazima mashine, akakaa. Aliuliza taratibu kwa nini wimbo unakatika pale, na ni nani aliyewafundisha. Filemoni akasema ni mazoea mabaya, na hakusema zaidi, maana kozi ya miezi sita haikuwa na somo hilo. Aliyejibu alikuwa Damari, mpiga ngoma kubwa, mama wa Kinyakyusa aliyezidi miaka hamsini, ambaye aliingia kwenye bendi mumewe alipofariki na kuacha ngoma bila mtu.

"Ndaga, baba, usitukasirikie," alisema Damari, akitanguliza asante ya kwao. "Hapo sisi tunamsubiri Mwalimu apandishe suruali."

Nje dirishani Mwalimu alisikia kila neno. Uso ukamwaka moto. Miaka kumi na miwili alidhani ana siri, kumbe alikuwa na wanabendi kumi na wanane wanaomtazama kiunoni. Alitamani ardhi ya Mlandege impokee. Masunga akaacha kutafuna.

Ndani, Kalinga aliuliza kama mtu anayepima kazi: jambo hilo huchukua muda gani?

"Inategemea," Damari akamwambia. "Miezi ya njaa inachukua muda, mwili umepungua. Baada ya mavuno ni chapuchapu. Sisi hatuhesabu, tunamwangalia."

Kalinga alitazama tepu yake, akatazama dari, kisha akasema mwenye suruali aletwe. Akatoa masharti: avue viatu, na mdomoni atie kitambaa akiume.

Masunga alimwonea huruma Mwalimu. Alifungua mkanda wake mwenyewe, wa ngozi ya ng'ombe wa nyumbani, akamsukumia mkononi.

"Vaa huu, Mwalimu. Mimi tumbo langu linashika yangu. Usiende ukacheka... ukachekwa na watu wa redio."

Mwalimu akauvaa na kuukaza, akasikia kwa mara ya kwanza suruali ile ikimtii. Akaingia pekupeku, kitambaa mdomoni, asimtazame mtu. Akapanda mahali pake, akainua kijiti. Ngoma haikujiandaa. Damari alikuwa ameweka chini kirungu chake cha kupigia na anatazama kile kiuno.

"Uvue," alisema. "Ukivaa huo sisi tutaanzaje?"

Mwalimu akainua macho hatimaye. Aliwapitia mmoja mmoja: wenye tarumbeta ndogo, wenye kubwa, mpiga besi mwenye pumba kwenye nyusi, na Filemoni, ambaye alitikisa kichwa kidogo kukubali. Hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanamsubiri, kama walivyomsubiri kila Jumapili, na Mwalimu alijisikia kupendwa kiasi cha kutaka kulia, ila kitambaa kilimzuia. Akafungua mkanda, akautupa kando.

Mara ile walipiga kama hawajawahi kupiga. Ubeti wa tatu uliisha, mikono ikashuka, suruali ikapanda, pumzi ikavutwa, na watu kumi na wanane wakaingia ubeti wa nne kwa mguu mmoja. Bwana Kalinga alijikuta ameinamisha kichwa, na hakujua kwa nini.

Baada ya majuma matatu wimbo ulitangazwa, Jumapili mchana. Usharika ulijaa uani kwa Mzee Saulo, redio yake ya betri ikiwa juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Mtangazaji alitaja bendi, akataja Soweto, akataja Mbeya. Jina la mwongozaji hakulitaja. Mwalimu, aliyesimama ukutani ndani ya suti yake, alitabasamu kuwaonyesha watu kwamba hajali, lakini alijali sana. Kijiti kilikuwa chake, hilo lilikwisha. Ila swali la Evarista lilikuwa palepale kooni. Tarumbeta zilisikika. Ngoma ya Damari ilisikika mpaka kuku wakasogea. Yeye hakuwemo.

Ubeti wa tatu ukaisha. Redio ikanyamaza, na uwanja mzima ukainamisha vichwa. Katika kimya kile, kutoka ndani ya redio, zikalia funguo: za stoo, za kabati, za ofisi ya mchungaji na za nyumbani, zote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti kavu iliyo wazi kabisa. Bwana Kalinga alikumbuka viatu na mdomo. Mfuko aliusahau.

Evarista peke yake aliinua kichwa. Sauti ile ndiyo iliyomfungulia mlango kila jioni kwa miaka ishirini.

"Mmemsikia?" aliwauliza majirani. "Ndiye huyo, mume wangu."

Mwalimu alitia mkono mfukoni na kuzishika funguo zisije zikalia tena, na ubeti wa nne ukaanza.