Kielelezo Namba Tisa

Jumanne saa mbili asubuhi karani Zablon wa mahakama alifungua stoo ya vielelezo kutafuta ufagio, akaukuta mzinga wa Kornel umechipua majani matatu. Akachukua ufagio, akafunga mlango.

Mzinga wenyewe ni gogo la mninga lililochimbwa tundu katikati. Ulilala humo miaka sita, kati ya baiskeli mbili na gunia la bangi. Ndio ushahidi kwamba Kornel, mrina asali wa Ulyankulu, alikata mti hai hifadhini bila kibali. Kornel alisema aliukuta umeangushwa na radi. Akaambiwa hayo atayasema kesi ikianza. Haijaanza. Mdhamini alitakiwa awe na kitambulisho cha taifa, na ukoo mzima wa Kornel, watoto wa wale waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, bado unangojea vitambulisho. Kornel akabaki mahabusu.

Kila baada ya siku kumi na nne mkewe, Demetria, alipanda basi hadi mahakamani, mahakama ambayo haina haja ya kutajwa, imejengwa palepale misafara ya zamani ilipotua mizigo. Alisikia upelelezi haujakamilika, akarudi.

"Simama imara, Mama Ange," katekista Hilari alimwambia. "Mungu akiahidi hasahau."

"Najua hasahau, katekista. Ila Kornel meno yameanza kung'oka."

Akaendelea kusali. Masika yalipoanza, mizizi ilipasua sakafu. Kufikia Pasaka mninga ulikuwa umebomoa ukuta wa mbele na kutoka juu ya bati, nyuki wamehamia, na Zablon ameumwa nao sikioni mara mbili. Baiskeli zikahamishiwa chooni.

Siku ya kesi kutajwa tena, hakimu akaamuru wote watoke nje kukitazama kielelezo namba tisa. Kornel aliletwa na pingu zake. Alikuwa amepungua hata zikamcheza mikononi. Demetria akapiga magoti kwenye kokoto.

"Baba Ange, mti wanaosema uliuua huu hapa, mzima. Mungu kajibu."

Kornel akaupapasa.

"Ndio huohuo. Ufa wa radi ule pale."

Kila mtu akauona: mweusi, umeshuka hadi shinani, mpana kuingia kiganja. Hakimu akatia chake, kikaingia.

"Mwendesha mashtaka, unasemaje?"

"Mheshimiwa, hati yetu inasema gogo. Huu ni mti. Kielelezo kimebadilika, kwa hiyo tunaomba tuanze kupeleleza upya."

"Nao ufa?"

"Ufa tutaupeleleza pia, mheshimiwa."

Hakimu akapangusa kiganja kwa leso. Akasema siku kumi na nne.

Demetria hakulia. Alisimama, akakung'uta kokoto magotini, akaitafuta kwenye rozari ile punje aliyoishia. Hakuikumbuka. Akaanza ya kwanza.

Askari aliyemleta Kornel alikuwa mtu wa Puge, anajua nyuki. Akawaacha waongee kidogo.

"Wamejaza," Kornel alisema, ametega sikio. "Warinie wiki hii. Usimalize, wabakizie."

"Nimeshauliza. Wamesema asali nayo ni kielelezo."

"Aha."

"Ange anakusalimu. Keshaolewa."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Nilikuwa nangoja utoke ndio nikwambie."

Kornel akaitikia kwa kichwa. Akainama kulikwepa tawi, maana limeota usawa wa mlango wa karandinga, akapanda.