Maswali Kumi Bila Majibu

Kundi la kujisomea ndilo lililomfelisha Irine Biolojia, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Walikuwa watano, wote kidato cha nne, wakikutana kila Jumamosi barazani kwa kina Derick, mtaa wa Kijenge. Utaratibu wao ulisifiwa hadi na wazazi: waligawana mada, kila mmoja akaandika muhtasari wa mada yake, zikatolewa nakala tano, wote wakakariri. Mihtasari ya Derick ilipigwa mistari ya rangi tatu, ikapendeza kama kadi ya harusi. Irine aliisoma mara nane. Kwenye mtihani wa muhula akapata F.

Na bila Biolojia hakuna chuo cha uuguzi. Irine hakuwa na mpango mwingine wa akiba.

Likizo ilipofika, alikuwa akimsaidia mama yake, Kaanaeli, kumenya ndizi za mtori, supu ya kuuza asubuhi, kitabu kikiwa wazi magotini.

"Unanung'unika nini?" mama akauliza.

"Moyo, mama. Mzunguko wa damu."

"Funga kitabu, unieleze."

Alifika sentensi ya tatu, damu ikiingia mapafuni, akakwama.

"Ikishatoka kwenye mapafu, hiyo damu inarudi wapi?"

"Nimesahau."

"Hujasahau. Hukuwahi kujua. Umeizoea sura tu, kama yule jirani tunayesalimiana naye kila siku na jina lake hatulijui."

Irine alinuna hadi sufuria ikajaa. Kesho yake akafunga kitabu mwenyewe. Alieleza, akakwama, akafungua pale pale alipokwamia, akafunga tena. Baada ya siku tatu alirudia mada ileile, na baada ya wiki akairudia tena. Mama, ambaye hakuwahi kuingia sekondari, alimhoji kama mteja asiyeamini kwamba maziwa hayajatiwa maji.

Shule zilipofunguliwa, kundi likamkabidhi Irine mada hiyohiyo kwa ajili ya mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Alikuja na karatasi moja.

"Muhtasari uko wapi?" Derick akauliza.

"Ndio huo."

"Haya ni maswali, dada. Kumi. Majibu je?"

"Yamo kwenye kitabu. Tufunge vitabu tujaribu kwanza, tukikwama tufungue."

Rodrick akacheka. "Mwalimu wa zamu huyo! Fimbo umeiacha wapi?"

Hope, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alijaribu swali la kwanza, akakwama la pili, akaisukuma karatasi. "Wewe ni mchoyo tu, Irine. Majibu umeyaficha kwenu."

Wakamfukuza. Kwa majuma mawili Hope hakumsalimia hata kwenye foleni ya bombani.

Kwenye moko, mzunguko wa damu ukaja na alama ishirini. Irine alipata C, hamsini na nane. Derick na Rodrick waliliruka swali zima.

Jumapili baada ya ibada, Mama Derick akafika kwa Kaanaeli na kundi zima nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Irine akasema.

"Marahaba. Mwanangu, wenzako walikutegemea ukawatupa. Omba msamaha mbele yetu, urudi kundini, yaishe."

Kaanaeli aliendelea kumenya ndizi. "Ajibu mwenyewe."

Irine akamtazama Hope. Hope alikuwa amepata arobaini na saba, na mfukoni mwa sketi yake ilichungulia ile karatasi ya maswali kumi aliyoisukuma, imekunjwa mara nne, imechakaa kwa kushikwashikwa. Alikuwa akitazama chini. Neno moja tu la samahani, na kesho wangekwenda shule pamoja.

"Jumamosi nitakuja na maswali mengine kumi," Irine akasema. "Atakayetaka tutafunga vitabu pamoja. Lakini msamaha, Mama Derick, siombi."