Bwana Taya

Daktari aliyewafundisha kuwalaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, wanafunzi walimbandika jina la Bwana Taya, maana wimbo wake ulikuwa mmoja: mgonjwa akishalala, inua taya apate hewa, na kiganja kimoja kikae kifuani.

"Kifua kisipopanda, sema kwa sauti! Wa kuninong'oneza atoke nje!" Mkali kama pilipili, hana simile na mtu.

Mchana ule walikwenda wodini kumjulia hali mkewe, aliyekuwa mahututi. Walimkuta mwalimu wao amesimama kichwani mwa kitanda, vidole chini ya taya la mkewe, ameliinua sawasawa kama anavyofundisha.

"Amelala," aliwaambia. "Msimpigie kelele."

Binti mmoja, mpole kuliko wenzake wote, akasogea na kuweka kiganja kifuani pa mama yule. Akangoja. Akangoja tena.

"Mwalimu," alinong'ona, "kifua hakipandi."

"Sauti!" alifoka Bwana Taya, kwa mazoea tu.

Machozi yakamlengalenga binti. Akarudia maneno yaleyale, na wodi nzima ikasikia.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Vizuri sana, mwanangu."

Lakini taya hakuliachia.