Rais Aliyekunywa Maji ya Ziwa

Watu wazima na akili zao timamu waliiacha chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, ipoe huku wakimgombania mwanamke asiyejua hata kama walizaliwa. Ilikuwa Jumapili, misa ya kanisa la Jebel Ali, Dubai, imekwisha, na kwenye meza ya plastiki nje ya kafeteria ya Mhindi wa Malabari, Zadock, Mkenya mlinzi wa maghala, alikuwa akishikilia kwamba Gavana Petrak ni mtu wa Kisumu. Wilbard, Mtanzania, akamuuliza Kisumu ilimwona wapi, wakati mtoto yule alikulia Kagera. Severina, mke wa Wilbard, alikaa katikati yao akiwacheka. Kama angejua kwamba kicheko kile kitamtokea puani, angeinuka akapanda basi lake mapema.

Mambo yalianzia mbali. Huko Marekani chama kimoja kilikuwa na mzee wake wa siku zote, na kila mtu alijua ndiye atakayesimamishwa kugombea urais; hadi mabango yake yalikuwa yamekwisha kuchapishwa. Wajumbe walipokutana kwenye mkutano mkuu wakamgeuka. Kura ya kwanza haikumtosha, ya pili ikapungua, na ya tatu ikamwangukia gavana wa jimbo la baridi ambaye wengi hawakuwahi kulisikia jina lake. Mama yake huyo gavana aliwahi kuwa muuguzi wa misheni Kagera, na yeye mwenyewe alichezea utotoni vumbi lile lile jekundu alilochezea Severina. Alipopanda jukwaani kushukuru, akatia methali moja ya Kiswahili, ile wanayoijua wageni wote: haraka haraka haina baraka. Basi ikawa kazi. Kabla jua halijawa kali, hakuna simu ya Mwafrika Mashariki hapa Dubai ambayo haikuwa na ile video.

"Buda, huyo mathe alikunywa maji ya ziwa letu," Zadock alisema, akigonga meza. "Mtu wa maji ya ziwa hawezi kutusahau."

Zadock alikuwa akipiga soga tu, kwake uchaguzi ulikuwa kama mpira. Lakini kwa Severina na mumewe jambo lile lilikuwa limeshika mahali. Mwaka ule Wilbard, aliyekuwa akijaza bahati nasibu ya viza za Marekani tangu ujana bila hata kusikilizwa, alichaguliwa. Ukichaguliwa, unakwenda na mkeo na mtoto wako. Kilichobaki kilikuwa usaili wa ubalozini Abu Dhabi, na tarehe waliyopewa iliangukia wiki moja kabla ya Wamarekani kupiga kura.

Usidhani walikuwa wakiitamani Marekani kwa magari na majumba. Severina alitandika vitanda katika hoteli ya Al Barsha, na magari na majumba alikuwa akiyaona dirishani hadi akachoka kuyatazama. Alichokitaka ni kimoja: kulala nyumba moja na mtoto wake. Irene aliachwa kwa bibi yake Rosina kule Muleba akiwa bado anajifunza kusema, na sasa alikuwa darasa la nne. Mishahara yao haikufikia kiwango cha kuruhusiwa kumleta. Hata wao wenyewe, mke na mume wa ndoa ya kanisani, hawakuwa na mlango mmoja. Yeye alilala kwenye nyumba ya wanawake wa hoteli, Wilbard kwenye kampi ya Dubai Investments Park, kitanda cha juu, na ndoa yao ilikuwa ya Jumapili, na hizo nazo ni zile ambazo madam wa zamu alimkubalia Severina kupumzika. Walikuwa wakiketi kafeteria kama wachumba wanaoogopa wazazi. Watu huzoea mengi, lakini hilo Severina hakulizoea, na hakutaka kulizoea.

Sasa sikiliza ujinga ulipoingilia, na uliingia kwa mlango wa mtu aliyejua kazi. Kabla ya Dubai, Wilbard alikuwa karani wa masijala katika halmashauri moja ya kwao. Aliwahi kuona mkubwa anayehama akisaini hati za viwanja wiki zake za mwisho, na mkubwa mpya akaja akazifuta zote kwa siku moja, bila kusoma. Aliwaona watu wazima wakilia kwenye korido huku wameshika karatasi zenye mihuri halali. Tangu hapo aliishi na somo moja: katika msimu wa uchaguzi usipeleke shida yako ofisini. Ngoja bosi mpya akae kitini, na akiwa wa kwenu, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo Jumapili ile, vicheko vilipoisha, akatoa wazo lake. Waandike kuomba tarehe ya mbele, baada ya Petrak kuapishwa. Rais aliyekuwepo alikuwa na uso wa mbuzi kwa wageni, na maofisa wake lazima wanamwiga. Kuna haja gani ya kwenda kwa mtu anayefunga mizigo, wakati shangazi yao yuko njiani? Zadock akamuunga mkono, akasema hata Kenya ni hivyo hivyo, mtu anayetoka hasaini kitu.

Severina hakukubali mara moja, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

"Tumeitwa, Baba Irene. Tukiitwa, twende," alisema. "Wakitukataa, tutajua tumekataliwa."

"Mimi nimekaa ofisini, Mama Irene. Naujua ugonjwa wa ofisi. Anayeondoka akikupa, anayekuja anakunyang'anya."

Akamjibu kwamba Wazungu hawafanyi kazi namna hiyo. Wilbard akauliza Wazungu wao si binadamu? Wakabishana hadi basi la kampi likapiga honi. Ukweli ni kwamba Severina angeweza kushinda ubishi ule, maana Wilbard si mtu wa kulazimisha. Kilichomshinda ni moyo wake mwenyewe. Ile video alikuwa ameitazama kuliko wote. Aliitazama bafuni kwa wageni, ndoo ikijaa maji, akimwangalia yule mwanamke mwenye mvi akiitamka methali kwa ulimi mzito, na kila mara kifua kilimjaa. Katika miaka yote ya kuokota taulo za watu, hakuna mkubwa aliyewahi kusema neno ambalo na yeye alifundishwa na mama yake. Akaona kumwendea mwanamke yule si kuomba, ni kurudi nyumbani. Kabla ya wiki kuisha akampigia mumewe akamwambia aandike.

Jibu la ubalozi halikuchelewa. Tarehe mpya ilikuwa mwisho wa Februari, na wao wakashangilia kama waliopewa viza yenyewe.

Kulikuwa na Mkenya mwingine, Virginia, yaya wa Al Twar, aliyechaguliwa bahati nasibu ile ile na kupangiwa usaili wiki ile ile. Naye alisikia hekima ya Wilbard na akaitamani. Ila madam wake alikuwa anasafiri mwezi uliofuata, akamwambia ruhusa ni siku hiyo au khalas, asiulize tena. Virginia akaenda Abu Dhabi akinung'unika kwamba mwajiri wake anamharibia bahati.

Petrak akashinda. Zadock akaleta biriani kwenye sinia akiwa na sare zake za ulinzi, akiwakaribisha watu kula kwa jina la ziwa, na hata Mmalabari mwenye kafeteria, ambaye ziwa hilo hakulijua, akawapa chai ya bure. Wilbard alitembea kama bwana harusi. Severina alipompigia Irene, akamwambia Mungu akipenda watakaa wote watatu, watakuwa na mlango wao, na asubuhi atamsuka nywele mwenyewe kabla ya shule. Mtoto akauliza kama bibi naye atakuja. Severina akasema bibi atafuata baadaye, na akaendelea na habari za theluji.

Rais mpya aliapishwa Januari. Februari, katikati ya mwezi, Severina alikuwa akibadilisha mito kwenye chumba ambacho wageni walikuwa wametoka bila kuzima televisheni. Akamwona Petrak. Akafurahi, akasimama na mto mkononi. Gavana wa zamani alikuwa amekaa mezani, watu wamemzunguka, anasaini. Maandishi yalipita chini ya picha, na Severina alisoma Kiingereza polepole, kwa hiyo akangoja yarudi tena. Yaliporudi akaelewa. Rais alikuwa ameisimamisha bahati nasibu ya viza, kwa muda usiojulikana, ili wapinzani wake wampitishie sheria zake nyingine. Waliokwisha kupewa viza wangesafiri. Ambao hawajafanyiwa usaili, nambari zao zimekufa.

Mwanamke yule hakuonekana mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayelipa bili ya umeme. Severina alitaka kumchukia akashindwa, maana unamchukiaje mtu asiyekujua? Akamalizia kitanda, kwa kuwa madam wa zamu alikuwa anapita kukagua, kisha akaingia bafuni kwa mgeni, akafungulia maji na kulia huku ameuma taulo.

Barua ya ubalozi ilikuja siku hiyo hiyo, fupi na yenye adabu. Jumapili iliyofuata walikaa meza ile ile. Zadock akasema afadhali wangemsimamisha yule mzee wao wa kwanza. Yule alikuwa mtu wa kelele tu, angegombana na kila mtu mwaka mzima na asipate muda wa kuisaini karatasi hiyo. Wilbard akadakia. Naam, yule mzee angepita, au hata angeshindwa, mambo yangekuwa vingine. Au wale wajumbe wangekomea kura ya pili. Au yule muuguzi asingepelekwa Kagera, apelekwe hata Uchina, nani angemjali bintiye? Wakaendelea hivyo, wanaume wawili wakiipanga upya Marekani nzima juu ya meza ya plastiki, wakimtoa huyu na kumweka yule.

Severina aliwasikiliza, kisha akasukuma kikombe chake pembeni.

"Angesimamishwa nani, angeshindwa nani, haituhusu," alisema. "Sisi tulikuwa na siku yetu. Tungekwenda siku yetu."

Hakupaza sauti. Wilbard akainamisha kichwa, na mkewe akaona nywele zake zimeanza kuwa nyeupe kisogoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupaona. Alitaka kumwambia kwamba hata yeye alikubali, kwamba yeye ndiye aliyempigia akamwambia aandike. Hakusema. Alikuwa na hasira, na hasira ile aliihitaji kwa muda kidogo, maana chini yake hakukuwa na kitu. Simu ya Zadock ikalia, akaiangalia na kuifunika haraka, lakini Severina alikuwa amekwisha kuona. Ilikuwa picha ya Virginia, amesimama kwenye theluji na koti la watu, anacheka, amemshika mwanawe begani.

Basi la kampi lilipokuja Wilbard akasimama. Akauliza watajaza tena mwaka ujao, ikifunguliwa? Swali lile lilimtoka kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, na Severina akajibu inshallah, kama watu wa hapa wanavyojibu jambo ambalo halitakuwa. Akamtazama mumewe akipanda. Walikuwa hawajagusana hata mkono.

Kazi ya kumwambia mtoto ilibaki kwake. Wilbard alisema hawezi, na Severina hakumlaumu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, wenzake wako zamu, akapiga simu Muleba. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye basi. Asilie. Asiseme uongo mkubwa. Amwambie kwamba Mungu hajafunga mlango, ameurudisha tu kidogo, na kwamba yeye na baba watatafuta njia nyingine, ingawa njia nyingine hakuijua na hakuamini ipo. Zaidi ya yote aliogopa kilio. Alijua mtoto akilia upande ule, yeye atavunjika upande huu, na nani atamwokota?

Bibi Rosina ndiye aliyepokea. Wakasalimiana, habari za migomba, habari za mvua, kisha akampa mtoto simu.

"Irene, mwanangu, ile safari haitakuwepo," Severina alisema. "Wamefunga."

Kuku walisikika kwa mbali, na mtu akikoroga sufuria.

"Kwa hiyo siendi?" mtoto akauliza.

"Huendi, mama. Nisamehe."

"Hata mwaka ujao?"

Severina akafumba macho. "Hata mwaka ujao sidhani."

Hakikutoka kilio. Kilichotoka kwanza ni pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameubeba bila kumwambia yeyote. Kisha Irene akaisahau simu mkononi, na Severina akazisikia nyayo zake zikikimbilia jikoni.

"Mama! Mama, siendi! Nabaki na wewe!"

Na Bibi Rosina, aliyelea peke yake na kunyamaza miezi yote ile, akaanza kulia kwa furaha. Wakacheka, wakalia, wakaitana, sufuria ikaanguka na hakuna aliyeijali. Severina hakukata simu. Alikaa pale na simu sikioni, akisikiliza nyumba ambayo ilikuwa na mama na mtoto tayari, mpaka salio likaisha.