Sarmi Hakujua Kucheza

...tok, tok, kalamu ya sajini inagonga meza, na Kustinah anauonea haya moyo wake kwa kuruka hivyo, maana ndivyo kiongozi wa kundi lao la maigizo ya ketoprak alivyokuwa akigonga kisanduku cha mbao nyuma ya pazia, tok, gongo za shaba zinyamaze, tok, malkia aingie, na malkia alikuwa yeye, leo miaka na miaka hajapanda jukwaani lakini mwili haujasahau... "Kunywa chai, Bu Kus, mama yangu, itapoa, au chai yetu ina sumu?" anasema Sajini Darmanto na kujichekea mwenyewe, si mtu mbaya, amemletea tempe, vipande vya soya vya kukaanga, kutoka kwake, kila Jumatatu Kustinah anapokuja kuripoti kituoni humwambia jinsi utotoni alivyopenya chini ya uzio wa mianzi kwenda kumwona malkia akilia, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi... "Jioni moja tu, mama, siku ya kumbukumbu ya askari waliouawa, mkuu wa wilaya atakuwepo. Unakuwa Sarmi, kama vitabu vya shule vinavyomsimulia. Unashika kisu, unacheza kuzunguka shimo la maiti zao, unacheka, basi. Alama ya mfungwa wa kisiasa kwenye kitambulisho chako inafutwa, mwanao Jatmiko anapata shule ya kufundisha. Nimekuombea mwenyewe." Hajagusa glasi, akishakunywa itakuwa vigumu zaidi... Sarmi na kisu, Sarmi mwalimu wa chekechea na nyimbo zake za kuhesabu vidole, aliyewashonea mavazi ya jukwaani, na siku ile mchezaji alipougua wakamsukuma yeye mbele ya watu, akasimama mgumu kama mchi, shali ikamfunga miguu, akaangukia gongo kubwa, watu wakacheka mpaka machozi, naye akainuka, "Haya, mmefurahi? Nipeni sindano yangu"... alfajiri askari walipowachukua wote wawili katika lori moja Sarmi alikuwa akitafuta ndara yake ya kushoto, na kule kambi ya wafungwa walipomwita mlangoni alikwenda na ndara moja, hakurudi, hana hata kaburi la kumwagiwa maua... na binti yake Wening, anayeuza mboga sokoni, atalazimishwa kuja kama wengine wote, ataketi mkekani amwone mama yake akicheka juu ya maiti, na ataamini, hilo ndilo baya, wote wataamini, kwa kuwa Kustinah anajua kazi yake, ndiyo maana wanamtaka yeye... "Au unaogopa umezeeka?" sajini anamchokoza, "kiuno bado kipo, Bu, mimi shahidi"... anataka, Mungu amsamehe, anataka taa, poda ya mchele usoni, kile kimya cha watu kabla ya neno la kwanza, nyumbani huinamia pipa la maji akaimba humo ili ajisikie tu... akubali kisha abadili maneno kulekule jukwaani? hakuna aliyewaandikia maneno maishani, kila mtu hujitungia... lakini wapiga gongo wangelala wapi usiku huo, na wana watoto... asubuhi Jatmiko alikuwa akijaza upepo baiskeli ya mteja, hakuinua uso, "Mama, ukikubali usiseme ni kwa ajili yangu, mikono yangu imeshazoea grisi", akamuuliza, "Na nikikubali kwa ajili yangu mwenyewe?", pampu ikasimama, "Basi nitakuja kukuona. Ila nitaketi karibu na Wening"... tok... "Ndiyo, Pak", ndiyo, bwana, ndivyo humjibu kila Jumatatu, kichwa chini, na huku kwao mtu hakatai, hutabasamu akasema acha nifikirie kwanza, na akisema hivyo leo huyu ataandika amekubali, kwa moyo mweupe kabisa, hapana, hili linataka sauti nyingine, ile iliyowafikia waliokaa nyuma kabisa wakimenya karanga, ile iliyokuwa ikimkatalia mfalme, haihitaji hasira, wala hatamtukana kijana wa watu aliyepenya chini ya uzio, atamwambia tu alichokiona kwa macho yake, Sarmi hakujua kucheza, Pak, na mimi sitamfundisha sasa... glasi bado ina moto, tempe hazijaguswa, kalamu imeinuka tena juu ya meza, Kustinah ananyoosha mgongo, anavuta pumzi mpaka chini ya kitovu, na kuipata sauti palepale alipoiacha, anangoja tok...