Kipimo cha Theluji Namba Nne

Katika kituo cha utafiti cha Zonneberg, kule kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, umeme hauwashwi tu. Umeme unaombwa. Ukitaka kuchemsha maji ya chai unabonyeza kitufe, jina lako linatokea kwenye ubao ulioko ukutani mwa ukumbi wa chakula, kisha unasubiri taa. Kijani, washa. Njano, ngoja kidogo. Nyekundu, kaa na kiu yako. Hakuna jenereta pale, hakuna pipa la dizeli la kukimbilia. Kuna mitambo tisa ya upepo juu ya mwamba, paneli za jua kila ukuta na kila paa, na chumba kizima cha betri. Upepo ukigoma na jua likijificha, watu kumi na wanne wanakula mkate baridi na jibini, na hakuna wa kumlalamikia.

Aliyeutengeneza ubao huo ni Lieven Daems, fundi umeme kutoka Gent, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, na loo, mtu yule alijua kukemea! Alikuwa amewapanga watu na vitu katika makundi manne. La kwanza ni maisha: redio, king'ora cha moto, pampu ya maji, na vipimo vya hali ya hewa ambavyo rubani anavitegemea. La pili ni sayansi. La tatu ni jiko. La nne, chini kabisa, ni starehe za mtu binafsi. Betri zikipungua mtambo wa ubao hukata kuanzia chini kwenda juu, bila kumwonea mtu haya.

"Ubao hauna shemeji," Lieven alipenda kusema.

Kuna profesa mmoja wa mawe, mtu mwenye mvi zake, aliwahi kukutwa akikausha soksi kwa mashine ya kukaushia nywele. Lieven alimsimamisha mbele ya watu wote. "Profesa mzima! Watu wanapima anga, wewe unapika soksi?" Profesa akawa mwekundu mpaka masikioni. Tangu siku ile mpishi wa kituo, Nele Vercauteren, mwanamke wa Ostende mwenye mdomo usiojua kupumzika, alimbandika Lieven jina la Padri wa Betri. Kila akitaka kuwasha oveni alipiga goti pale ukumbini: "Nibariki, Padri, nimetamani mkate." Watu wakacheka, na Lieven naye akacheka, maana jina lilimpendeza kuliko alivyokubali kusema.

Na huyohuyo Padri, chini ya shuka lake, alikuwa na mkeka wa umeme.

Mkeka mdogo tu, wa kupasha mgongo joto, wenye maua ya waridi. Mkewe, Agnes, ndiye aliyeutia kwenye begi, kwa sababu mwaka uliopita Lieven alianguka kutoka kwenye ngazi ya mtambo na mgongo haukumsamehe tena. Wiki ya kwanza ya msimu ule alisimama mbele ya ubao, kidole kikiwa juu ya kitufe, akitaka kuuomba umeme kama mtu mwingine yeyote. Kisha akayaona maneno kabla hayajaandikwa: Lieven, mkeka, mgongo. Kundi la nne, ukutani, mbele ya wanasayansi wenye umri wa wanawe. Wangesema mzee amechoka. Mwakani angeletwa kijana. Akaondoa kidole.

Akafanya jambo ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Kipimo cha theluji namba nne kilikuwa kimevunjwa na dhoruba miaka miwili nyuma, lakini jina lake halikuwahi kufutwa kwenye ubao, na waya wake ulipita nyuma ya ukuta wa chumba cha Lieven. Akauvuta waya, akaunganisha mkeka. Ubaoni ilisomeka vizuri kabisa: Kipimo cha Theluji Namba Nne, kundi la kwanza, taa ya kijani. Alijiambia ni wiki hii tu, mpaka mgongo utulie. Zikapita wiki saba.

Jumapili moja ya Januari upepo ukafa. Mawingu yakashuka mpaka mtu hakuweza kutofautisha anga na barafu, na mitambo yote tisa ikasimama kimya. Siku hiyohiyo Goedele Claeys alikuwa anatimiza miaka arobaini. Goedele alikuwa mtafiti wa vidudu vidogo mno vya maji, ambavyo alivitoa katika ziwa lililo chini ya barafu, safari ya siku tisa kwa magari ya theluji. Alikuwa navyo katika vichupa mia moja na ishirini, ndani ya kabati dogo lenye joto kidogo, la kuzuia tu visigande. Kabati lilikaa kwenye kibanda cha maabara ambacho hakina joto lingine. Aliviita wanangu, na hakuwa anatania.

Nele akasema mwanamke hawezi kutimiza arobaini kwa mkate baridi. Akawasha kikaango cha umeme, akapika mikate ya vishimo, ile ya kwao, na sukari juu. Hakuomba. Dakika ishirini, mchana, kisha akazima. Watu walikula wakalamba vidole. Lieven alikula miwili.

Halafu Lieven mwenyewe akawaamuru wote watoke na makoleo. Ndege ya kuleta vyakula na kuchukua watu ilikuwa ije Alhamisi, na njia yake ya kutua ilikuwa imefunikwa na theluji. Wakachimba kwa muda wa saa nne. Nyuma yao, ndani ya nyumba tupu, betri ziliendelea kushuka na mtambo wa ubao ukakata kama ulivyofundishwa. Kundi la nne. Kundi la tatu. Kisha kundi la pili, chombo kimoja baada ya kingine, mpaka likabaki kabati la Goedele, na lenyewe likakatwa.

Waliporudi, Goedele alipitia maabara kwanza. Hawakusikia kilio. Walimwona anaingia ukumbini bila kuvua buti, ameshika kichupa kilichopasuka.

"Wamekufa," alisema. "Wote."

Mkuu wa kituo, Reinhilde Maes, mwanamke mkavu na wa haki, akawakalisha watu palepale. "Nani aliwasha nini bila kuomba?"

Nele akasimama. Uso ulikuwa umemshuka. "Ni mimi. Niliwasha kikaango. Goedele, dada yangu, nilitaka tu ufurahi."

Reinhilde akageuka. "Lieven, wewe ndiye unayezijua betri. Dakika ishirini zile zingeweza kuleta haya?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwa Lieven. Neno moja tu la kweli na angekuwa amepita. Alijua kwamba umeme alioutumia Nele mchana, paneli zilikuwa zimeurudisha kabla hawajashika makoleo, hata kwa mwanga ule hafifu. Alijua pia ni kitu gani kilikuwa kinakula umeme wakati wote huo.

"Kila kidogo kinahesabika," alisema.

Neno hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana lilikuwa baya kuliko uongo. Reinhilde akatikisa kichwa, akatoa uamuzi: Nele aondoke na ndege ya Alhamisi, na barua ya kueleza kosa lake imfuate. Mtu mwenye barua ya namna hiyo hapati tena kazi kwenye barafu, si Zonneberg wala kituo kingine chochote.

Lieven alikwenda chumbani kwake akaweka mkono juu ya kitanda. Kilikuwa cha moto. Hakuna aliyekuwa amelala pale tangu asubuhi. Akakaa sakafuni akapiga hesabu, ingawa hakuhitaji: mkeka ulikula mara mbili ya kile ambacho kabati lingehitaji. Viumbe vya Goedele vimeganda ili kitanda kitupu kipate joto. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku hiyo kilikuwa kwenye shuka. Alichomoa? Hakuchomoa. Aliogopa taa ya kijani ikizimika ubaoni mtu atauliza kwa nini. Alilala sakafuni, na mgongo ukamtafuna.

Jumatatu Nele alipika bila utani. Hakupiga goti. Aliomba umeme hata wa taa ya stoo, akasimama mikono mgongoni kusubiri kijani, hata watu wakaona vibaya kumtazama. Jumanne baada ya kazi alimfuata Lieven kwenye chumba cha betri akiwa na daftari.

"Mzee, nisaidie jambo moja," alisema.

"Sema."

"Nifundishe. Nimejaribu kuhesabu mwenyewe, haziingii. Kikaango kile, dakika zile, mpaka kufika kwenye kabati. Nataka nielewe nilivyowaua, nimweleze Goedele vizuri kabla sijaondoka. Sitaki niende nikiwa nimemwambia pole tu."

Lieven akachukua penseli. Akaandika namba ya kwanza, akaandika ya pili. Hazikuwa na pa kwenda, akaiweka penseli chini.

"Betri zina mambo mengi," alisema. "Tutaangalia kesho."

"Asante, mzee. Wewe ni mtu mwema."

Jamani! Bora angemtemea mate. Lieven alibaki pale katikati ya betri zake, mtu mzima na watoto wakubwa, na aibu ikampanda kutoka miguuni kama maji. Alitamani barafu ipasuke immeze. Lakini barafu ya kule ina unene wa milima, haipasuki kwa ajili ya kumstiri mtu.

Jumatano mchana Nele alipika nyama kwa bia, na viazi. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Nje upepo ulikuwa bado mdogo, mitambo miwili tu ikizunguka kwa uvivu. Lieven hakugusa chakula. Alisimama, na kiti chake kikapiga kelele sakafuni.

"Si Nele," alisema. "Kabati lilikatwa kwa sababu yangu."

Profesa wa mawe akatabasamu. "Lieven ana moyo, jamani. Sikujua."

"Nasema kweli. Nina mkeka wa umeme. Nimeuficha wiki saba."

Watu wakaangua kicheko, hata Reinhilde mdomo ulimcheza. "Kaa, Lieven. Usimtetee mtu kwa uongo, tafadhali."

Na Nele mwenyewe, macho yakimlengalenga, akasema, "Asante, mzee wangu, lakini acha. Wewe? Wewe unayezima taa hata ukitaka kupiga chafya?"

Hili Lieven hakuwa amelitarajia. Siku tatu aliogopa wasije wakamwona mwizi, na sasa hawakutaka kumwona. Alitazama nyuso zile zenye kumheshimu, na heshima yenyewe ikamchoma. Angeweza kukaa. Kweli, angeweza kukaa hata sasa, akaitwa mwema mara mbili.

"Tazameni ubao," alisema. "Kundi la kwanza. Namba nne."

Akatoka. Wakatazama, wengine bado wanatafuna. Kipimo cha Theluji Namba Nne kilikuwa kijani. Kisha kikazimika. Hakuna aliyecheka tena.

Lieven akarudi ameukumbatia mkeka kifuani, waya ukiburuzika nyuma. Akauweka mezani kati ya sufuria ya nyama na bakuli la viazi. Maua ya waridi, na katikati doa la jasho la mgongo wake. Nyani haoni kundule, lakini leo alikuwa amelileta mwenyewe mezani, na kila mtu alilitazama.

"Ulikuwa umewashwa Jumapili," alisema. "Tukiwa nje. Sikuwa nimeulalia hata."

Profesa akaitazama sahani yake. Reinhilde akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nele, rudisha begi lako chumbani," alisema. "Lieven, fundi mwingine atakuja na ndege ya Februari. Utaondoka nayo. Barua nitaiandika wewe ukiwepo."

"Sawa."

Lakini Nele hakuinuka. "Nilikuletea daftari," alisema polepole. "Nilikuomba unifundishe nilivyowaua. Ukachukua penseli, mzee. Ukaandika!"

"Niliandika."

"Na mikate yangu ulikula miwili."

Lieven akasubiri Goedele amtukane, akalitaka tusi hilo kama dawa. Goedele alikuwa anaugusa mkeka kwa ncha ya kidole.

"Mbona hukuomba?" aliuliza.

"Niliona aibu."

"Ya nini?"

"Ya mgongo."

Goedele akaondoa kidole. "Ningekupa umeme wa zamu yangu ya maji ya moto," alisema. "Msimu mzima. Nisingeuliza hata."

Akabeba sahani yake akaipeleka jikoni.

Alasiri ile, watu wakiwa bado ukumbini na vikombe vyao, Lieven alikwenda kwenye ubao. Alilifuta jina la kipimo namba nne. Kisha akabonyeza kitufe, na maneno yakatokea yaleyale aliyoyakimbia tangu mwanzo: Lieven, mkeka, mgongo. Kundi la nne. Taa ikawa nyekundu, maana upepo haukutosha. Hakuondoka. Alivuta kiti akakaa chini ya jina lake ili kila apitaye alisome.

Goedele alitoka maabara akiwa na ndoo ya vichupa vilivyopasuka. Akaiweka chini, akausoma ubao. Katika kundi la pili kabati lake lilikuwa bado limeandikwa, taa ya kijani, likipewa joto lake kila saa bila kukosa, na ndani hamna kitu. Hakuwa ameweza kulifuta. Alisimama pale mpaka watu wakaacha kuzungumza. Kisha akainua mkono akalifuta.

Mtambo ulifikiri kidogo. Chini kabisa, taa ya Lieven ikageuka kijani.

"Haya, mzee," Goedele alisema, akaiokota ndoo. "Kalale."

Lieven aliitazama taa ile. Mgongo ulikuwa unamuuma, na hakuinuka.